Ukurasa wa Nne

Kila siku ya likizo ya Agosti, Beverlyne aliamka saa kumi na mbili asubuhi, akabeba mitungi miwili na kwenda kupanga foleni kwenye kioski cha maji. Siakago si kama kule juu Runyenjes, ambako maji hupita kwenye mifereji hata mtu asipoyaita. Huku chini maji hungojewa. Na kwa kuwa yanangojewa, watu huongea. Kabla zamu yako haijafika, umeshajua nani ameolewa, nani amefukuzwa kazi, na nani alionekana na nani nyuma ya posho mili, pale pa kusagia unga.

Jumanne hiyo habari kubwa ilikuwa ya Misheck.

"Ameacha kazi kwa Marcella," alisema mama mmoja aliyejifunga leso kichwani. "Amemtupia aproni miguuni, akaenda zake Karurumo."

"Angetoka zamani," mwenzake akajibu. "Yule mama ana mdomo. Si alimwita punda mbele ya wateja?"

"Punda hata ana nafuu. Punda hupumzishwa Jumapili."

Foleni nzima ilicheka. Beverlyne alicheka pia, lakini kidogo tu, maana mama yake, Eunice, alifanya kazi papo hapo kwa Marcella, na maneno ya Marcella yalikuwa yakimfikia mama kila siku.

Saa mbili walifika kazini pamoja. Beverlyne alikuwa akimsindikiza mama wakati wa likizo, akakaa kwenye benchi na vitabu vyake vya Gredi ya Saba. Karakana yenyewe ilikuwa nyuma ya bucha: paa la mabati, meza mbili ndefu, sufuria kubwa za mafuta, na pipa moja la maji pembeni. Hapo palitengenezwa sabuni. Wafanyakazi waliobaki walikuwa watatu: Eunice aliyekata vipande, Ann aliyefunga kwa karatasi, na Kinoti, kijana aliyebeba kila kizito.

Marcella aliingia akiwa ameshakasirika. Alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ya kujaza soko. Shule moja ya bweni ilikuwa ikingojea sabuni za vipande, na fundi wa kuchanganya hakuwepo. Akasimama mbele ya gunia jipya la kostiki, ile kemikali nyeupe inayofanana na chumvi ya mawe na ambayo hugeuza mafuta kuwa sabuni.

"Nani amewahi kumwona Misheck akikoroga hii?" akauliza.

Wote watatu walitazamana. Misheck alizoea kufika mapema kuliko wote, akakorogea nje peke yake, na wenzake walipokuja walikuta kazi imekwisha na beseni limepoa.

"Watu watatu, macho sita, na hakuna jicho hata moja lililoona kitu. Kwani mimi huwalipa mpumue?"

Kinoti aliinama, akavuta mfuko wa plastiki uliobandikwa kwenye gunia. Ndani yake kulikuwa na karatasi kadhaa zilizopigwa pini pamoja. "Madam, dereva aliyeleta mzigo alisema hizi ni karatasi za usalama. Alisema tuzisome kabla ya kufungua."

"Basi soma."

Kinoti alitazama ukurasa wa kwanza, akakuna kichwa. "Madam, hii Kiingereza ni ya watu wa maabara. Mimi shule niliiacha kidato cha pili."

"Lete hapa niwashie jiko."

Ndipo Eunice akasema. Hakuna aliyemwuliza, ila alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya Marcella kwa miaka mitatu, na siku hiyo aliona nafasi ya kukiinua kidogo. "Beverlyne wangu anaweza kuisoma. Muhula uliopita alikuwa wa kwanza kwa Kiingereza, gredi nzima."

"Wa kwanza Siakago," Ann akasema akikunja karatasi. "Tusisahau hapo."

"Mwache tuone," Marcella akasema. "Njoo hapa, namba moja. Tusomee."

Beverlyne alitoka kwenye benchi. Alizipokea karatasi kwa mikono miwili. Ukurasa wa kwanza ulijaa nambari, anwani na maneno marefu yasiyo na pumzi. Jina lenyewe la kemikali lilimshinda kulitamka. Alichokielewa kilikuwa picha: umbo la almasi lenye ukingo mwekundu, na ndani yake matone yakidondokea kiganja cha mtu. Akakumbuka mabango ya kunawa mikono yaliyobandikwa shuleni kila mlango wa choo.

"Hii… hii picha ni ya kunawa mikono," akasema.

Ann alicheka. "Kwani sabuni ni ya kunawa nini kingine? Miaka saba shuleni ndiyo atuambie hiyo."

"Picha hata mbuzi wangu anaona," Marcella akasema. "Nimeuliza inakorogwa vipi. Ama hiyo namba moja walihesabu kutoka nyuma?"

Kinoti naye alicheka, akaangalia kando. Beverlyne alimtazama mama. Eunice alikuwa akitabasamu, lakini tabasamu lile lilikuwa limeanza kutetemeka pembeni, kama la mtu anayepigwa picha na mpigapicha hamalizi.

Angeweza kusema, "Sijui. Nipeni dakika kumi nisome mpaka mwisho." Maneno hayo alikuwa nayo mdomoni. Badala yake alifunua ukurasa wa pili, akachezesha midomo kama anayesoma, akapitisha kidole juu ya mistari asiyoiona.

"Inasema mnaiweka kwenye beseni," akasema. "Halafu mnaimwagia maji polepole, mnakoroga. Kama uji."

Hakuna aliyeshuku. Kila mtu mle ndani alikuwa ameukoroga uji tangu utotoni: unga kwanza, maji juu yake, mwiko unazunguka. Uongo uliofanana na jikoni kwao ulipita bila kuulizwa.

"Si ni rahisi hivyo," Marcella akasema. "Na huyo Misheck alikuwa akijifanya mganga. Mama Beverlyne, wewe ndiwe mwenye mtoto msomi. Koroga."

Eunice aliweka beseni la plastiki sakafuni, akalijaza kostiki hadi nusu. Ukutani zilining'inia glavu za mpira na miwani ya kinga, bado zikiwa kwenye mfuko wake. Aliponyoosha mkono kuzichukua, Marcella akamwambia, "Acha. Hizo ni za siku ya wageni." Eunice akachukua mwiko, akapiga magoti, akainama ili aone vizuri, akamwaga jagi la kwanza la maji.

Kwanza kulikuwa na sauti ya kuchemka, ingawa hapakuwa na moto. Beseni lilianza kutoa mvuke. Eunice alishtuka lakini akaendelea kukoroga, kwa sababu bosi alikuwa akimwangalia. Ghafla ule uji mweupe uliruka juu, ukampiga usoni.

Eunice alianguka kwa upande. Hakupiga kelele mara moja. Alijishika macho na kutoa sauti ya chini, ya koo, ambayo Beverlyne hakuwahi kuisikia kwa mtu. Kisha ikaja kelele yenyewe.

"Maziwa," Ann akasema, akikimbia huku na huku. "Maziwa hukata sumu. Kinoti, nenda bucha uombe maziwa."

"Ni ndimu," Marcella akasema. "Kostiki huuliwa na ndimu. Hata mafuta ya kupikia, mpake mafuta, yatatuliza."

"Yai je? Ute wa yai?"

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Beverlyne alibaki amesimama, karatasi mkononi. Kisha akafanya kile alichopaswa kufanya mwanzoni: akasoma. Alifunua ukurasa wa tatu. Ukurasa wa tatu ulikuwa na kichwa cha maneno kuhusu huduma ya kwanza, na chini yake neno fupi alilolijua tangu gredi ya kwanza: macho. Osha kwa maji mengi. Fungua kope. Usiache kwa dakika zisizopungua kumi na tano. Usijaribu kuizima kwa kitu kingine chochote. Mwone daktari.

"Ni maji," akasema. Hakuna aliyemsikia. Akarudia kwa nguvu. "Ni maji. Imeandikwa maji mengi, kwa muda mrefu. Si ndimu, si maziwa."

Ann aligeuka. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira. "Wewe ndiye ulisema ni kama uji. Maji si ndiyo yamemchoma? Unataka tumwongeze?"

"Kaa chini, mtoto," Marcella akasema. "Na hilo pipa lisiguswe. Maji mengine hayaji hadi Alhamisi, na shule inangojea sabuni."

Eunice alikuwa akifikicha macho kwa mikono ileile yenye kostiki. Beverlyne aliona kwamba hakuna atakayemwamini, na kwamba hawakukosea kutomwamini. Akaona pia kitu kimoja tu kilichobaki cha kusema.

"Nilidanganya," akasema. "Ile ya uji sikuisoma popote. Niliogopa mtanicheka. Hii ndiyo nimesoma. Kinoti, usinisikilize mimi. Soma wewe, hapa, hapa kwenye kidole changu."

Kinoti alichukua karatasi. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, neno moja, kisha jingine. Midomo yake ilisimama. Akairudisha karatasi, akaliendea pipa, akapiga kifuniko teke.

"Kinoti," Marcella akasema, "ukigusa hayo maji huna kazi."

"Basi sina kazi," Kinoti akasema, akachota ndoo.

Walimwosha Eunice pale pale sakafuni. Walimfuta kwanza vipande vyeupe vilivyoganda shingoni, wakamvua blauzi, Ann akamfunika kwa leso. Kinoti alimwaga. Beverlyne alishika kope za mama yake kwa vidole viwili, akazifungua kwa nguvu huku mama akimsukuma, akimpiga, akimwita jina na kumwomba aache. Hakuacha. Kisha Ann naye akaja akashika kichwa. Maji yalitiririka hadi mlangoni, na watu wa sokoni wakaanza kujaa kutazama. Wengine walisikitika. Wengine walisikitikia maji.

Walimaliza pipa lote.

Kwenye kituo cha afya, Daktari Ndambiri aligusisha kijikaratasi cha kupimia kemikali kwenye jicho la Eunice, akatazama kikibadilika rangi, akaagiza aoshwe tena kwa maji ya dripu. Ilichukua saa nzima. Daktari alipotoka nje, watu walikuwa wamejaa kwenye benchi, maana habari Siakago haihitaji gari. Marcella alikuwa mbele yao wote.

"Jicho la kulia litapona," daktari akasema. "La kushoto limeungua ndani. Litaona mwanga na kivuli, basi. Tutampeleka hospitali kubwa wamtazame, lakini sitawadanganya."

Beverlyne alisikia maneno hayo masikioni kama yanasemwa katika chumba kingine.

"Mmesikia?" Marcella akawageukia watu. "Si mimi. Ni huyu mtoto wake. Alitusomea uongo, wote walikuwepo. Amemtoboa mama yake jicho kwa mdomo wake mwenyewe."

Watu walimtazama Beverlyne. Mama mmoja alivuta mtoto wake karibu, kama vile uongo ni ugonjwa wa kuambukiza. Mlango ulikuwa wazi, na ndani Eunice alikuwa amelala macho yote mawili yamefungwa bendeji. Alisikia kila neno.

"Beverlyne," akaita. "Ulisoma ile karatasi?"

"Hapana, Mama."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umeshawaambia mimi ni wa kwanza."

Eunice aligeuza uso ukutani. Beverlyne alingoja apigwe, atukanwe, afukuzwe. Halikuja hata moja.

Daktari aliomba karatasi, na Kinoti akamweleza yote yaliyotokea kazini. Alizifunua pale pale mbele ya watu, akasimama kwenye ukurasa wa nne, akamwita Beverlyne. "Soma hapa. Kwa Kiswahili, wasikie."

Yalikuwa maneno machache, mepesi, ambayo mtoto wa gredi ya nne angeyaelewa. Beverlyne alisoma, machozi yakidondoka kwenye karatasi. "Kila mara tia kostiki ndani ya maji, kidogo kidogo. Usimwagie kostiki maji, kamwe. Itachemka na kuruka. Vaa miwani na glavu."

"Kama ugali," Kinoti akasema kwa sauti ya chini. "Maji kwanza, unga baadaye. Ingekuwa ni kusema tu, kama ugali."

"Ilikuwa kurasa mbili mbele ya pale ulipoachia," daktari akamwambia Beverlyne. "Na ile picha unayodhani ni ya kunawa mikono, ni mkono unaoliwa na kemikali. Anayejifanya amesoma ni hatari kuliko asiyejua kusoma, kwa sababu asiyejua watu huendelea kuuliza. Umekosa, na utaishi na kosa hilo. Lakini ulipokiri, uliliokoa jicho la kulia. Lingepakwa ndimu, lingekwenda pia."

Kisha akamgeukia Marcella, ambaye alikuwa ameanza kutikisa kichwa kwa kuridhika.

"Na wewe, Madam, usijifiche nyuma ya sketi ya msichana wa miaka kumi na mitatu. Kemikali ni yako. Wafanyakazi ni wako. Sheria inakutaka wewe, mwenye kazi, uhakikishe karatasi hii iko mahali wanapoiona na wanaielewa, kwa lugha yao, kabla ya gunia kufunguliwa. Glavu na miwani zilikuwa wapi?"

"Ukutani," Ann akajibu kutoka kwenye benchi. "Zinangojea wageni."

Marcella aligeuka, akapenya katikati ya watu, akaondoka.

Afisa wa kazi wa serikali alikuja kutoka Embu wiki iliyofuata, akafunga karakana. Ilifunguliwa baada ya mwezi mzima. Marcella alilipia matibabu ya Eunice kwa kulazimishwa, huku akilalamika kila mahali alipopita. Kinoti alirudishwa kazini kwa kulazimishwa vilevile. Pakawekwa mfereji wa kuoshea macho na pipa la pili ambalo haliruhusiwi kuguswa kwa kazi nyingine. Juu ya meza pakabandikwa karatasi ya usalama yote, kurasa zote, kwa Kiswahili na kwa Kimbeere, lugha ya nyumbani.

Beverlyne ndiye aliyeiandika. Hakuambiwa na mtu. Aliketi nyumbani kando ya kitanda cha mama kila mchana, akasoma mstari kwa mstari kwa sauti, na mama, macho yamefungwa, akasikiliza. Mama alikuwa mkali. Hakuruhusu mstari urukwe.

"Hapo umeharakisha. Rudia."

"Mama, kuna neno hapa silijui."

"Liandike pembeni. Kesho utamwuliza daktari."

Kufikia mwisho, maneno ya pembeni yalikuwa arobaini na moja. Daktari Ndambiri aliyaeleza yote isipokuwa mawili, ambayo alisema hata yeye hayajui, akampigia simu mwenzake.

Bendeji zilipotolewa, jicho la kushoto la Eunice lilibaki na wingu jeupe katikati, na ngozi ya shavu ilikuwa imekunjamana na kung'aa. Watoto wa sokoni walimwita jina ambalo halifai kuandikwa hapa. Siku ya kwanza alipokwenda kuteka maji, watu kwenye foleni walimtazama huku wakijifanya hawamtazami. Beverlyne alisimama upande wake wa kushoto, upande asioona, akamwambia panapo jiwe na panapo shimo.

Waliporudi na kutua mitungi mlangoni, Beverlyne akauliza swali alilolibeba kwa mwezi mmoja. "Mama, umenisamehe?"

Eunice aliketi kizingitini. Hakuwa mtu wa kumpa mtoto jibu la kumfurahisha tu.

"Nilikusamehe siku ile uliposhika kope zangu na mimi nikikupiga," akasema. "Na mimi nina langu, nilikubebesha sifa yangu mbele ya watu wenye midomo. Lakini nisikilize vizuri, usilisahau hili ukiwa mkubwa na kazi yako. Siku ile ungesema hujui, wangekucheka. Wangekucheka mpaka saa kumi. Saa kumi wangefunga karakana, waende kwao, na mimi ningekuwa na macho mawili."